Mtazame Akienda: Maneno Kuhusu Paka Asiye na Mkia

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya wanajumuiya wenzangu hapa Liverpool. Wapo waliokuwa zamu kazini na wakaniomba niyaandike yote, basi nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Assalamu alaykum, na habari za mchana kwenu nyote. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Mombasa, wa Unguja na Pemba, wa Bujumbura na Bukavu, karibuni. Tulipangiwa saa nane, tumeanza saa tisa na nusu, kwa hiyo najua niko kwa watu wangu. [Kicheko]

Mnanijua mimi ni muuguzi wa wanyama. Nilipoambiwa nizungumze "lolote", nikasema nitazungumza juu ya paka mmoja tu, na juu ya upande wake mmoja tu: wa nyuma.

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alinitumia picha kutoka Tanga. Paka mweusi, amekaa juu ya gunia la mkaa, ametulia kama diwani. Chini ya picha kaandika: "Shangazi, nimempata yule paka wenu wa Kizungu asiye na mkia! Huko wanauzaje?" Kijana ameshaanza kupiga hesabu ya pesa. Nikamwambia, mgeuze, nipige picha nyuma. Akanitumia. Nikaona kidonda kilichokauka na manyoya ambayo hayajaota. Nikamuuliza, huyu kagongwa? Akajibu: "Pikipiki ilimpitia mkia, ukaoza, ukadondoka." Nikamuuliza swali ambalo hakulitegemea: anakojoa vizuri?

Alicheka. Baada ya siku mbili akanipigia, hacheki tena. Paka hakojoi, anatona tu. Kila anapokaa anaacha unyevu.

Ndugu zangu, ni kwa nini paka aliyepitiwa mkia ashindwe kukojoa? Kwa sababu mkia si pambo lililoning'inizwa nyuma kama tasbihi msumarini. Mkia ni mwisho wa uti wa mgongo. Paka wa kawaida ana pingili 7 za shingo, 13 za kifua, 7 za kiuno, 3 zilizoungana za nyonga, kisha ndipo huja za mkia, mara nyingi zaidi ya 18. Na hapo hapo mkia unapoanzia ndipo inapotokea mishipa ya fahamu inayoamuru kibofu na haja kubwa. Ukiuvuta mkia kwa nguvu, unaing'oa mishipa hiyo huko juu. Kijana alimpeleka paka kwa daktari wa mifugo, na baada ya wiki tatu kibofu kikarudi kazini. Alikuwa na bahati. Wengine hakirudi.

Sasa, kama paka aliyepoteza mkia barabarani anaweza kupata shida hiyo, vipi kuhusu paka aliyezaliwa bila mkia? Huyo ndiye mgeni wetu wa leo.

Anaitwa Manx, na kwao si mbali na hapa. Ukienda pale gatini Liverpool ukapanda meli, kwa saa tatu hivi unashuka Douglas, mji mkuu wa Kisiwa cha Man, katikati ya bahari baina ya Uingereza na Ireland. Kisiwa kina kilomita za mraba 572, yaani kama theluthi ya Unguja. Kisheria si sehemu ya Uingereza, kina bunge lake na sarafu zake. Nembo yao ni miguu mitatu iliyoungana mapajani, na maneno ya Kilatini yenye maana kwamba popote utakapoitupa, itasimama. Mimi niliyekaa kule miaka miwili nikilea paka nasema nembo hiyo ni ya paka, wao tu hawajui. Na paka wenyewe wamewaheshimu: mwaka 1970 walitoa sarafu ya krauni yenye picha ya paka huyu, akionyesha waziwazi mahali ambapo mkia ungekuwa.

Wazee wa kule watakupa hadithi upendazo. Wanasema Nabii Nuhu alikuwa anafunga mlango wa safina, paka akaja mbio amechelewa, mlango ukambana mkia. Mnaona? Kuchelewa hakukuanza na sisi. Katika sehemu nyingi za Afrika, hasa kusini, husimuliwa kisa cha pimbi: siku wanyama walipogawiwa mikia palikuwa na mvua na baridi, pimbi akaona uvivu kutoka, akawaagiza wenzake wamchukulie wake. Huyu alichelewa, yule aliagizia. Wengine kisiwani wanasema paka alikuja na meli za vita za Wahispania mwaka 1588, moja ikazama, paka akaogelea. Wengine wanaapa ni mtoto wa paka na sungura, kwa vile miguu ya nyuma ni mirefu na makalio yameinuka. Paka na sungura hawazai, mabibi na mabwana, hata wafungiwe chumba kimoja mwaka mzima.

Lililotokea ni jepesi zaidi. Siku moja alizaliwa paka ambaye jeni yake moja ilikuwa na kosa dogo la maandishi. Bara, kosa kama hilo humezwa na wingi wa paka. Kisiwani halina pa kukimbilia. Paka wachache, wanaoana wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi. Ninyi watu wa Unguja na Pemba hili hamhitaji kufundishwa. Kima punju mmemtoa wapi? Popo mkubwa wa Pemba mmemtoa wapi? Kisiwa kikishika kitu, kinakitunza. Kwa Kimanx cha zamani, lugha ya kisiwa hicho, paka hawa waliitwa stubbin, na wamekuwapo kwa zaidi ya miaka 200.

Nimesema jeni. Msiogope neno, ni agizo la kujenga mwili linalorithiwa kwa wazazi. Kina mama, mnajua doti ya kanga: vipande viwili. Kila jeni mwilini ni doti. Kipande kimoja kinatoka kwa mama, kimoja kwa baba. Kwa paka wa kawaida, vipande vyote viwili vinasema "weka mkia". Kwa Manx asiye na mkia, kimoja kinasema hivyo, na cha pili kina lile kosa. Hicho kimoja chenye kosa kinatosha kuufuta au kuufupisha mkia.

Je, akipata vyote viwili vyenye kosa, atakuwa hana mkia zaidi? Hapana. Hazaliwi kabisa. Anakufa tumboni mwa mama yake angali punje. Kwa nini? Kwa sababu jeni hii kazi yake si mkia peke yake. Ilijulikana kwanza kwa panya wa maabara wenye mikia mifupi, mwaka 1927, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba ndiyo hiyo hiyo kwa paka wa Manx. Ndiyo inayotandika ule uzi ambao mgongo mzima wa kiumbe hujengwa juu yake. Kipande kimoja kibovu, uzi unakatikia nyuma. Vipande viwili vibovu, mgongo hauna pa kuanzia.

Basi fanyeni hesabu nami. Ukimpandisha dume asiye na mkia kwa jike asiye na mkia, katika kila vijusi vinne tumboni, kwa wastani kimoja kinakufa, viwili vinakuwa vitoto visivyo na mkia au vyenye kibutu, yaani kipande kifupi cha mkia, na kimoja kinakuwa kitoto chenye mkia kamili. Ndiyo maana paka hawa huzaa vitoto vichache. Na ndiyo maana mtu akikuambia "mimi kwangu wote wanazaliwa bila mkia, hakuna hata mmoja mwenye mkia, mwaka wa kumi huu," mshukuru kwa chai, kisha ondoka. Kila Manx asiye na mkia amebeba nusu ya mkia ndani ya damu yake. Mwenye mkia lazima atokee.

Nilipokuwa kule alikuja kijana na jike na dume, wote bila mkia, wazuri mno. Anataka ushauri wa kuwazalisha, maana wasio na mkia ndio wenye bei. Daktari niliyefanya naye kazi alimchorea hesabu hii hii kwenye karatasi. Kijana akasema: "Kwa hiyo nauza robo ya mali yangu kabla haijazaliwa?" Daktari akamwambia hiyo robo ndiyo isiyoumiza, maana haijapata kuhisi kitu. Mwogope aliyezaliwa nusunusu. Wafugaji makini humpandisha asiye na mkia kwa Manx mwenzake mwenye mkia.

Wafugaji wana majina yao. Asiye na kitu kabisa, mwenye kishimo tu pale mkia ulipotakiwa, wanamwita rampi. Mwenye kinundu kidogo cha mfupa unachokihisi ukimpapasa ni raiza. Mwenye kibutu, stampi. Mwenye mkia mfupi au karibu kamili, longi. Wote hao wanaweza kuzaliwa tumbo moja, usiku mmoja. Na yupo ndugu yao mwenye manyoya marefu, Cymric.

Rampi ndiye anayependwa kwenye mashindano. Rampi ndiye mwenye bei. Na rampi ndiye niliyemwona mara nyingi zaidi juu ya meza ya daktari. Mnaona tunakoelekea?

Nyumbani mmewahi kusikia juu ya watoto wenye mgongo wazi. Baadhi ya vitoto vya Manx huzaliwa hivyo. Pingili za mwisho hazikufunga, au ni fupi mno, mishipa ya fahamu imekaa vibaya. Miguu ya nyuma inakuwa dhaifu. Kibofu hakijui kujaa wala kumwaga. Haja kubwa ama inatoka yenyewe, ama haitoki kabisa. Kwa kawaida dalili zinaonekana kabla ya miezi minne hadi sita. Ndiyo maana mfugaji mwaminifu hamwachilii mtoto kabla ya miezi minne. Anamwangalia kwanza.

Familia moja ilinunua kitoto cha wiki nane. Rangi ya machungwa, kichwa mviringo, macho kama taa. Kinaruka miguu miwili ya nyuma kwa pamoja, puu, puu, puu. Watoto walicheka, wakachukua video, wakawatumia ndugu. Aliyeuza aliwaambia ndiyo sifa yake, huyu ni paka wa kuruka kama sungura. Sisi tuliosoma nyumbani tunakijua kile kitu, ni kichurachura, na hakuna anayepiga kichurachura kwa raha. Kile kitoto kilikuwa hakiwezi kuutanguliza mguu mmoja mbele ya mwingine. Walipokuja kwetu, mkojo ulikuwa umeshamchoma ngozi ya mapaja. Sitawamalizia kisa kile, kuna watoto hapa.

Walikosea wapi? Walimtazama akija. Akija kila paka ni mzuri. Uso mviringo, mashavu, anakutazama, umekwisha. Mimi nawaambia, mtazame akienda. Muweke chini, mwache akupe mgongo, aondoke zake. Je, miguu ya nyuma inapishana? Je, makalio ni makavu na safi? Je, akipanda kiti anapanda kwa miguu yote minne au anajivuta kwa ile ya mbele? Kaa nyumbani kwa mfugaji mpaka paka aende mchangani kujisaidia, hata kama ni saa mbili, omba chai nyingine. Mtazame akienda.

[Hapa mzee mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Mwanangu, sisi tunaswali ndani. Paka wa namna hii utamwekaje?"]

Ahsante, mzee wangu, umenitangulia. Paka mwenyewe hana neno. Mnajua hadithi ya Abu Qatada, Mungu amridhie, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Lakini mkojo wake ni mkojo. Paka anayetona atatona kwenye mkeka na msala, na hatakuwa na kosa, kwa sababu hajui kama anatona. Mkishamleta halafu mkamfukuza, kosa litakuwa la nani? Jueni kabla hajavuka kizingiti. Na mkiamua kumchukua mkijua, basi msala unawekwa chumba chenye mlango, yamekwisha.

Maana wapo wanaoamua. Pale Peel, mji wa wavuvi magharibi ya kisiwa, alikuwapo mzee mmoja, mjane, mikono kama kamba za meli. Rampi wake wa kijivu hakuwa na uwezo wa kukojoa mwenyewe. Sisi tulimfundisha mzee: unamsimamisha paka, unakipapasa kibofu tumboni, kiko kama chungwa dogo, unakibana taratibu kuelekea nyuma mpaka mkojo utoke wote. Asubuhi na jioni. Kufundishwa na daktari ni lazima, usijaribu kwa kusikia kwangu tu, kibofu hupasuka. Mzee yule alifanya hivyo kwa miaka sita. Aliacha kwenda kulala kwa binti yake bara kwa sababu binti hakuweza kujifunza. Nilimuuliza kama hachoki. Akanijibu kwamba baharini aliamka saa tisa za usiku kwa ajili ya samaki, sembuse huyu anayemjua kwa jina.

Lakini nisiwatishe. Wengi wa paka hawa ni wazima, wanaruka kabati kwa hatua moja maana miguu ya nyuma ni springi tupu, na kukosa mkia hakuwaangushi. Ni wawindaji wakali wa panya, na ndiyo sababu mabaharia na wakulima waliwapenda. Tabia yao ni ya mbwa zaidi kuliko ya paka: anakufuata chumba hadi chumba, unamtupia mpira wa karatasi anakuletea, mgeni akigonga anatangulia mlangoni. Wangu hapigi nyau, anaguruma kimlio kifupi cha puani, kama mtu anayeitikia "naam". Anakua polepole. Uzito wa kawaida ni kilo tatu na nusu hadi tano na nusu, na ukimwona anazidi hapo, usijisifu kwamba umemlisha vizuri. Kila kilo ya ziada inakaa juu ya mgongo ambao tayari ni mfupi.

Matunzo yake, basi, ni ya nyuma vilevile. Manyoya ni tabaka mbili, mpitishie chanuo mara moja au mbili kwa wiki. Cymric zaidi, la sivyo anafungana kama rasta. Kila siku mwinue umtazame makalio, maana kwa rampi uchafu hunasa kwenye kishimo. Kufunga choo ndiyo adui mkubwa: mpe chakula chenye majimaji, maji mengi, na siku mbili zikipita mchangani hakuna kitu, piga simu kwa daktari, usingoje ya tatu. Trei ya mchanga iwe na ukingo mfupi. Ukimnyanyua, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, usimwache ananing'inia. Watoto waambiwe kibutu cha stampi hakivutwi, hakibonyezwi, mara nyingine kina baridi yabisi na kinauma.

Na akiumwa, tafadhali, tafadhali, msimpe Panadol. Nawajua. Mtoto akiumwa Panadol, bibi akiumwa Panadol, paka naye mnamvunjia nusu. Ini la paka haliiwezi. Kidonge kimoja kinaua.

Basi, dada yangu uliyenipigia simu juzi kuhusu wale wawili wa jirani yako wanaotolewa bure, nimekuona umekaa pale nyuma. Usiniletee picha za nyuso, hizo umeshanitumia kumi na moja. Nenda leo jioni, chukua video sekunde thelathini, paka anatembea kukuacha, sakafuni si kwenye zulia, simu uishike chini usawa wa makalio yake. Nitumie kabla hujakubali. Naona sambusa zimefika na vijana wameshasimama, kwa hiyo mwenye swali anifuate pale kwenye birika.